Bado Pindo Tu, Mheshimiwa

Ilikuwepo nchi, na kwa bahati mbaya ingalipo, ambayo majaji wake walikuwa hawafui majoho. Msishangae haraka, mshangao mtauhitaji huko mbele. Majoho yenyewe yaliachwa na watawala wa zamani, watu waliotoka kwenye baridi. Yalikuwa mekundu, ya sufu nzito, na shingoni yana manyoya ya mnyama ambaye hakuna raia wa nchi ile aliyewahi kumwona. Jaji akistaafu au akifa, anavuliwa joho, anavishwa mwingine, na jasho lake humo humo. Kulifua ni kosa kisheria. Wakubwa walieleza kwamba hekima ya mahakama imo ndani ya lile jasho na sabuni itaiondoa. Wananchi waliokaa viti vya mbele walikubali kwamba humo ndani kulikuwa na kitu.

Kwa mila hiyo, anayehukumu si mtu, ni joho. Mtu ni wa kulibeba tu. Ndiyo maana karani wa kule hasemi jaji anaingia. Anagonga meza mara tatu, anapaza sauti: "Joho limeingiaaa! Simameni!" Wala msidhani ni maneno ya kupamba. Kuna mwaka jaji mmoja alibanwa na tumbo katikati ya kesi, akaliacha joho kitini, akakimbilia msalani. Kurudi, akakuta mwizi wa mbuzi ameshakwenda jela miaka minne. Karani alikuwa ameliuliza joho kama lina pingamizi, nalo likanyamaza. Mwizi akakata rufaa. Majaji saba wakakaa, wakafungua vitabu, wakaamua kwa kauli moja kwamba joho lilikuwapo, basi mahakama ilikuwapo, na miaka minne ni halali. Uamuzi huo ukapigwa chapa, ukafundishwa vyuoni, na wanafunzi walioucheka wakarudia mwaka.

Shikeni hapo hapo, twende kwa fundi.

*

Fundi Hemedi Kijoti alikuwa na mkono. Akikushonea suruali, hata jirani anayekudharau anakuamkia kwanza. Lakini alikuwa na ugonjwa wa mafundi wote: hajawahi kumaliza nguo siku aliyosema. Ukienda kuchukua, atakutolea nusu nguo imejaa chaki, ataikung'uta mbele yako, atakwambia, "Njoo Jumanne. Bado pindo tu." Jumanne ikifika, bado pindo tu. Watu wa Mtaa wa Ndizini walishamzoea, na harusi zao walizipanga kwa kuongeza wiki tatu za Hemedi.

Mkuu wa Mkoa hakuwa amemzoea. Alipeleka kitambaa cha suti ya sherehe za Uhuru, akaambiwa Jumanne, akaambiwa Jumanne nyingine, na asubuhi ya sherehe akapewa koti peke yake. Suruali bado pindo. Mheshimiwa akapokea gwaride amevaa koti, tai, na kikoi. Upepo nao ukafanya kazi yake, na mpiga picha wa gazeti akafanya ya kwake. Kabla wiki haijaisha Hemedi akawa ndani, ameshtakiwa kwa kosa la kuichelewesha Serikali kwa makusudi.

Siku ya kwanza mahakamani, mwendesha mashtaka akasimama, akasema upelelezi haujakamilika. Kesi ikaahirishwa mpaka Jumanne. Jumanne ile upelelezi haujakamilika, ikapangwa Jumanne nyingine. Wakati mwingine shahidi hajafika. Wakati mwingine jalada halionekani, au karandinga la kuwaleta mahabusu limepasuka tairi. Ikapita miaka sita. Na kosa lenyewe, jamani, lilikuwa kuchelewesha.

Mkewe, Siwema, hakukosa Jumanne hata moja. Alikuwa akikaa safu ya tatu, mkono wa kulia, na chupa ya uji mapajani. Binti yao Zubeda alikuwa anatambaa baba yake alipokamatwa, sasa anasoma darasa la pili na akiulizwa baba yuko wapi anajibu, "Yuko Jumanne."

"Baba Zubeda," Siwema alimwambia siku moja kwenye nondo za kizimba, "wewe suruali uliichelewesha wiki tatu. Hawa wamekuchelewesha miaka sita, na hakuna aliyewakamata. Nataka uniambie ni ufundi gani huo."

Hemedi alimwangalia mkewe mvi zilizomtoka akiwa amekaa pale safu ya tatu, akaona aibu, kana kwamba mvi zenyewe kazishona yeye.

*

Mwaka wa sita Jaji Pantaleo Kirumbo, mwenye kesi hiyo, akaandika hukumu. Hata yeye hajui ilikuwaje. Iliandikwa, ikapigwa chapa, ikafungwa ndani ya jalada la buluu. Karani wake Fidelisi, mtu wa miaka thelathini kazini asiyeweza kutunza siri hata ya idadi ya vijiko vya sukari, akamnong'oneza Siwema koridoni: "Ukurasa wa tisa, mama. Kaandika aachiwe huru. Kuchelewesha suruali si jinai. Inasomwa Jumanne." Siwema akaenda moja kwa moja sokoni kununua kuku.

Jumanne hiyo hiyo, jaji mpya, Bi. Tausi Mwafute, akakataa kuvaa joho la urithi. Alisema ndani ya mkono wa kushoto mna panya, na panya ana familia. Akaingia mahakamani na joho la kushonesha mwenyewe, la zambarau, linanukia sabuni. Nchi nzima ikasimama. Jaji Mkuu Lwambano akafunga mahakama zote, akawaita majaji wote thelathini na wanane katika Kikao Kikuu cha Vazi. Kuku wa Siwema akaliwa na majirani.

Kikao kilichukua wiki kumi na moja. Kulikuwa na kundi la Mila na kundi la Hiari, na kila kundi lilikuwa na meza yake ya vitafunio. "Waheshimiwa!" alinguruma mzee mmoja wa Mila, manyoya ya mnyama yanamwingia mdomoni. "Leo tukimruhusu jaji achague joho, kesho mshtakiwa atataka kuchagua kosa!" Wakampigia makofi mpaka vumbi likatoka mabegani mwao. Bi. Mwafute naye akasimama, machozi yanamlengalenga. "Nchi haiwezi kujiita huru," alisema, "ilhali shingo ya jaji inawashwa!" Hapo watu wazima wenye shahada walilia. Jaji mmoja kutoka mikoani akauliza kama kuna habari yoyote ya mahabusu wanaosubiri. Akaambiwa hilo halimo kwenye ajenda, naye akaomba radhi.

Mwisho wakapatana. Kila jaji atachagua joho lake kwa hiari yake kamili, mradi hiari hiyo iwe imeidhinishwa na kugongwa muhuri wa Jaji Mkuu. Majoho ya zamani yapelekwe makumbusho siku hiyo hiyo. Na ili Mila nao waridhike, ikaandikwa upya kwa wino mwekundu: anayehukumu ni joho, na bila joho lenye muhuri hakuna mahakama, hakuna hati, hakuna chochote. Majoho yakavuliwa, yakabebwa na bendi mpaka makumbusho, panya akiwemo. Majaji wakabaki wamesimama na mashati yao, wanapongezana.

Hakuna aliyekuwa ameuliza majoho mapya atashona nani.

*

Mafundi wa nchi ile si wajinga. Tangu Hemedi atupwe ndani, kila kibanda cha cherehani kilitundika kibao: HATUSHONI NGUO ZA SERIKALI. Matarishi wakazunguka miji yote na vitambaa vya Waheshimiwa, kila walipofika cherehani zikawa zimeharibika. Hata Bi. Mwafute aliporudi kwa aliyemshonea la zambarau, ambalo lilinyimwa muhuri kwa kuwa lilitangulia sheria, akakuta fundi kahamia kwenye biashara ya samaki. Mwisho Fidelisi akakumbuka kwamba yupo fundi mmoja asiyeweza kukataa kazi. Yuko rumande.

Cherehani ikapelekwa gerezani, na meza, na pasi, na marobota ya mahameli. Kisha wakaja Waheshimiwa wenyewe kupimwa, foleni mpaka kwenye bustani ya mchicha. Hemedi akawazungushia tepu, akasikiliza hiari zao. Jaji Mkuu alitaka mkia wa mita nne, ubebwe na watu wawili. Mwingine alitaka mfuko wa siri wa karanga, maana ushahidi huwa mrefu. Jaji Kirumbo alitaka jekundu, na mgongoni idariziwe sura yake mwenyewe, akitabasamu kidogo, ili hata akiwa anaondoka wananchi waendelee kumwona. Na Bi. Mwafute, aliyelilia uhuru wa shingo, baada ya michoro sita aliomba joho kama lile la zamani hasa, pamoja na manyoya. "Ila niwe nimelichagua mimi," alisema.

Hemedi akapiga magoti kupima kimo cha Jaji Kirumbo. Pini zikiwa mdomoni, akajikaza akauliza: "Mheshimiwa, ile hukumu yangu utaisoma lini?"

"Ah, Fundi, hilo liko mikononi mwako. Joho likiisha, nalivaa, nakusomea. Siku hiyo hiyo."

Basi hapo, ndugu zangu, likatokea jambo ambalo Mtaa wa Ndizini hawaliamini mpaka leo. Hemedi Kijoti alimaliza nguo kabla ya siku. Alishona siku nne, vidole vikatoka damu, akaidarizi sura ya jaji mpaka ile chunjua ya kidevuni. Akapiga pindo na pasi. Joho likagongwa muhuri: Joho Halali Namba Moja. Jaji Kirumbo akalivaa mbele ya kioo, akageuka kulia, akageuka kushoto, akamwomba askari amshikie kioo cha pili ili ajione mgongoni.

"Zuri," alisema. "Zuri sana. Sasa tatizo, Fundi, ni hili. Nikikuachia, wenzangu thelathini na saba watashonewa na nani? Jaji Mkuu amenipigia simu kuhusu mkia wake. Tumalize kwanza ya wote, halafu tutaangalia. Na hii kola naona inanibana. Ifumue."

Hemedi alirudi kwenye cherehani, akakaa. Hakushona. Aliona mambo yalivyo, waziwazi kama kitambaa kilichotandikwa mezani: kila joho likiisha litafumuliwa, kola itabana, mkia utaongezwa, na yeye atazeekea hapa akiwa na hukumu ya kuachiwa huru ndani ya jalada la buluu. Akalia kwa hasira. Maisha yake yote aliwaambia watu "njoo Jumanne" na hakujua kwamba neno hilo lina uchungu kiasi hiki.

*

Kola ilifumuliwa mara tano. Mara ya sita Jaji Kirumbo akataka vazi lijaribiwe mahakamani kwenyewe, kwenye kiti chenyewe. Ilikuwa Jumanne, asubuhi. Japo hakuna kesi iliyosikilizwa kwa miezi, mahabusu waliendelea kuletwa na karandinga kila Jumanne na kurudishwa, kwa sababu hakuna aliyetoa amri waache. Siwema naye alikuwa koridoni na chupa yake ya uji.

Jaji akalivaa, akakaa kitini, akaona haitoshi. "Nikiwa humu ndani sijioni," alimlalamikia Hemedi, aliyeletwa na pini zake. "Nataka kuona wanavyoniona. Mimi na wewe kimo chetu kimoja. Vaa wewe, kaa hapa. Mimi nitasimama kule kizimbani, nikuangalie kama mshtakiwa anavyoniangalia mimi."

Naam. Aliyasema hayo kwa mdomo wake, bila kulazimishwa na mtu.

Hemedi akavaa joho, akakaa kitini. Jaji Kirumbo akaingia kizimbani na fulana yake yenye jasho, maana shati alilivua kwa sababu ya joto la mahameli. Akakunja mikono, akakodoa macho kwa furaha. Sekunde hiyo hiyo Fidelisi akatoka kunywa chai, amekumbatia majalada yote yaliyoandikwa hukumu na kukosa joho la kuyasoma. Akaona joho kitini. Hakuangalia lina nani ndani. Miaka thelathini hakuwahi kuangalia. Akayaweka majalada mezani, la buluu juu, akagonga mara tatu.

"Joho limeingiaaa! Simameni!"

Milango ikafunguliwa. Watu wakamiminika, mahabusu wakaingizwa, askari wakapiga saluti. Siwema akaingia na umati, akaenda safu ya tatu mkono wa kulia, akainua macho, akaziba mdomo na khanga.

"Subirini!" alipiga kelele Jaji Kirumbo. "Mimi ndiye jaji!"

"Kila anayesimama hapo ana lake," alisema Afande Kobelo, mkuu wa askari wa mahakama, akambonyeza bega. "Nyamaza, mshtakiwa. Unaongea zamu yako ikifika."

Hemedi angeweza kusimama, kuvua, kuomba msamaha, na kurudi kwenye kola. Mbele yake, kwenye jalada la buluu, lilikuwa jina lake. Akamtazama mkewe. Siwema akashusha khanga mdomoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwita mtu mezani:

"Soma, baba Zubeda."

Akasoma. Ukurasa wa kwanza mpaka wa tisa, hakuruka nukta. Alipofika "mahakama hii inamwachia huru Hemedi Kijoti" akairudia mara ya pili, kwa sauti zaidi. Fidelisi akagonga muhuri, kwa kuwa joho limesema. Kisha Hemedi akashika jalada la pili, na la tatu, na akasoma yote thelathini na moja hivyo hivyo, yalivyoandikwa. Walioandikiwa kuachiwa wakatoka wanakimbia. Wawili walioandikiwa jela walikwenda jela, wakishukuru angalau wamejua ni miaka mingapi. Katika historia yote ya nchi ile hiyo ndiyo siku pekee ambayo hukumu zote zilizokuwa mezani zilisomwa bila kuahirishwa hata moja, na aliyezisoma ni fundi cherehani.

Akabaki mmoja kizimbani, mwenye fulana. "Jalada la huyu?" aliuliza Afande Kobelo. Fidelisi akatafuta, hakuliona. Utaratibu wa jalada lisiloonekana unajulikana na kila mtu. Jaji Kirumbo akapakiwa kwenye karandinga mpaka Jumanne, akipiga kelele njia nzima kwamba yeye ni jaji, na mahabusu wenzake wakimwambia atazoea.

Hemedi akainuka, akatoka kwa mlango wa Waheshimiwa. Askari wote wakaisalimu ile sura ya mgongoni, iliyokuwa inatabasamu kidogo.

*

Jaji Kirumbo alikaa rumande siku tano, kisha Jaji Mkuu akapiga simu moja akatolewa. Simu moja tu. Hemedi hakujua kwamba kitu hicho kipo.

Majaji wakakutana, wamewaka. Wakataka kufuta hukumu zote thelathini na moja. Lakini kuzifuta ni kusema joho halihukumu, na joho kama halihukumu basi kila aliyefungwa tangu enzi za sufu atoke, akianza na yule mwizi wa mbuzi. "Basi akamatwe kwanza huyo fundi!" alifoka Bi. Mwafute. Hati ya kumkamata inasainiwa na jaji mwenye joho lenye muhuri. Lililopo ni moja, na siku anaachiwa, Hemedi alikabidhiwa vyote vilivyoandikishwa gerezani kwa jina lake, kwa orodha na saini, kama sheria inavyotaka: cherehani moja, pasi moja, joho moja lililokamilika, na vipande vya majoho thelathini na saba. Siwema ndiye aliyesaini.

Na mahakama zikabaki zimefungwa. Wananchi walijiandaa kwa maafa, wakaona Jumatatu inapita, Jumatano inapita, wezi ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba polisi, kwa kukosa pa kumpeleka mtu, waliacha kukamata watu kwa ajili ya suruali.

Siku moja gari refu jeusi likasimama Mtaa wa Ndizini. Akashuka Jaji Mkuu Lwambano mwenyewe na shati la mikono mifupi, akainama kupita mlango wa kibanda, akakaa kwenye benchi la wateja. Kirumbo alikuwapo hapo tangu asubuhi kusubiri kola yake, na Mwafute.

"Fundi," alisema Jaji Mkuu kwa sauti ya chini, "langu limefikia wapi?"

Hemedi akatoa chaki sikioni. Akavuta kipande cha mahameli chini ya meza, akakikung'uta, akakinyoosha kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. Nyuma yake kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia, kwenye kamba ya chumbani, yalining'inia majoho thelathini na saba. Yamepigwa pasi na pindo zimekwisha, maana gerezani alijifunza kumaliza kazi mapema. Chini yake Zubeda alikuwa amekaa na daftari, anaandika hesabu za shule.

"Njoo Jumanne, Mheshimiwa," alisema Hemedi. "Bado pindo tu."

"Jumanne ipi?"

"Hiyo," alisema Siwema akitia uzi kwenye sindano, "utajulishwa."